Nilivyopoteza Pato

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Kayole iliamka na manyunyu, yale membamba yasiyokuloanisha lakini yanayogeuza njia yote matope, na wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye matangi ya maji juu ya maghorofa. Mimi sikuona tope wala wingu. Niliamka nikimsifu Mungu kwa sauti. Jirani akagonga ukuta. Nikamsifu kwa sauti zaidi.

Nilikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mliosoma wiki jana mnakumbuka nilivyopanda jukwaani kuchekesha watu kwenye harusi huko mtaa wa Tassia, nikakanyaga nguo yangu mwenyewe, nikaangukia keki. Nikainua kichwa, uso mweupe kwa sukari, nikamwambia bwana harusi, "Mwanangu, nimeionja. Haina sumu. Sasa watu wale." Mgeni mmoja akacheka mpaka akaanguka na kiti chake. Mgeni huyo ndiye Griffins, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni.

Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye keki nikaingia kwenye runinga.

Mchezo wetu unaitwa "Mkwe Haondoki". Mimi ni mama mkwe aliyetoka Bungoma kumsalimia mwanawe Nairobi. Alisema atalala siku mbili. Mpaka leo yuko hapo kwenye sofa. Kila asubuhi humtazama mke wa mwanawe tumboni, kisha humwuliza neno moja tu: "Bado?"

Ila mimi sikulisema hivyo. Sisi Wabukusu, hasa tulioiacha shule mapema, B ikifika mdomoni hugeuka P, D hugeuka T, na hata G huwa K. Nilikuwa naamini kabisa kwamba nauliza "bado". Kilichotoka kilikuwa:

"Pato?"

Nchi ilivunjika mbavu. Watoto wakawa wananifuata sokoni, "Mama Pato! Mama Pato!" Mama mboga ananiuliza, "Mama Pato, sukuma pato?" Kinyozi wa chini ya nyumba yetu alifuta jina la duka lake akaandika "Pato Kinyozi". Sikujua wanacheka nini. Nilidhani ni kipaji, nikamshukuru Mungu kwa kipaji.

Nilijua ukweli darasani.

Shule niliiacha darasa la nne. Kwa hivyo maneno ya mchezo alikuwa ananisomea mume wangu, Patrobas, akitoka zamu ya kiwandani. Alikuwa anasoma huku anasinzia, na mara nyingine nilishika maneno aliyokuwa anaota. Siku moja, mbele ya kamera, nilimwambia mkwe wangu kwa uchungu mwingi, "Zima mashine namba nne."

Baada ya hapo niliingia darasa la jioni la watu wazima. Tunasomea chumba cha chekechea, kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Mwalimu wetu ni Idarusi, mzee wa Kiswahili ambaye wazazi wake walitoka Lamu. Huvaa kofia iliyotarizwa, na hacheki. Nilimjaribu kwa kila mbinu ya jukwaani. Hakucheka hata mara moja.

"Bi Beldina," aliniambia siku ya kwanza niliposoma kwa sauti, "pato ni mapato. Ni riziki. Bado ni jambo ambalo halijatimia. Sasa wewe kila asubuhi unamwuliza mkaza mwanao habari za mshahara?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Shika koo," akasema. "Sema B. Umemsikia nyuki? Sasa sema P. Nyuki ametoroka. Usimwachie nyuki atoroke."

Basi tukawa tunakaa pale, watu wazima wenye wajukuu, mikono kooni, kama watu waliokwamwa na mwiba wa samaki, "Ba, ba, ba." Wapita njia walichungulia dirishani wakaenda zao haraka.

Niliyoyagundua yalinitoa jasho. Kumbe kwenye kikundi chetu cha maombi, kila nilipomwomba Bwana atufunike kwa damu yake, nilikuwa naomba atufunike kwa tamu yake. Ndiyo maana akina mama walikuwa wanafumbua jicho moja moja.

Nikafunga, nikaomba. "Bwana, nyoosha ulimi wangu." Sikuomba kingine. Sikuomba gari wala nyumba. Na Mungu wangu hafanyi kazi nusu nusu.

Jumapili iliyopita nilisoma somo kanisani, mbele ya watu wote. Damu ikawa damu. Baraka zikawa baraka. Mchungaji alisimama. Patrobas alinipigia makofi mpaka mzee wa kanisa akamshika mkono.

Na Jumanne hiyo, nilipomaliza kumsifu Mungu, nilimtikisa mume wangu.

"Baba Mulongo, amka. Bado umelala?"

Patrobas aliruka akakaa. "Nani huyo ameingia?"

"Ni mimi."

"Sema tena."

"Bado."

"Papa yangu!" akasema, akajifunika blanketi mpaka kichwani. "Nimeoa mtangazaji."

* * *

Tulikuwa tunapiga picha Buruburu, kwenye nyumba ya kukodi yenye sofa kubwa jekundu. Nilivaa kitenge changu cha kazi, nikajifunga kilemba changu cha kazi, nikapiga goti nyuma ya jokofu nikaomba. Kisha nikakaa kwenye sofa.

"Kamera!" akaita Griffins.

Binti anayeigiza mkwe wangu akatoka chumbani ameshika mdomo, kama mtu anayetaka kutapika. Nikamtazama usoni. Nikamtazama tumboni. Nikangoja.

"Bado?" nikasema.

Jokofu likasikika likinguruma.

"Kata," akasema Griffins. "Mum, poa sana. Sasa rudia, lakini na ile kitu yako."

"Kitu gani?"

"Ile kitu."

Nikarudia. "Bado?" Ilitoka safi kama kengele ya kanisa.

"Kata! Mum, ni nani amekufanyia hivi?"

"Mungu," nikajibu kwa furaha. "Na Mwalimu Idarusi."

Griffins akakaa juu ya sanduku la taa. "Mungu na mwalimu," akasema polepole. "Wawili wote. Siku moja."

"Hufurahi?"

"Mum, nafurahi sana. Hongera. Sasa nisemee Pato."

Nikajaribu. Wasomaji wangu, nilijaribu kwa moyo wangu wote. Nikasema "Pado". Nikasema "Mbato". Nikasema "Bato", na mpiga picha akaniambia huyo ni ndege wa kufugwa ameharibika. Mara moja nililipata sawasawa, "Pato", lakini likatoka limevaa suti. Ulimi wangu ulikuwa kama mtoto aliyefundishwa adabu. Unamwambia atukane, anakutazama tu.

Hapo ndipo Mourine alipoinua mkono.

Mourine ni mchekeshaji kijana wa Buruburu. Siku hiyo aliletwa aigize jirani anayekuja kuomba chumvi. Hajawahi kufika Bungoma. Kibukusu chote anachojua ni ile salamu ya "mulembe".

"Griffins, naweza onyesha?"

"Wewe ni wa chumvi."

"Hata wa chumvi anaweza onyesha."

Akakaa kwenye sofa langu. Akalegeza mdomo wa chini. Akamtazama yule binti tumboni.

"Pato?"

Mpiga picha aliweka kamera chini, akatoka nje, akaenda kucheka kwenye ua. Binti aliyekuwa anajifanya anatapika akacheka mpaka akataka kutapika kweli. Hata mimi nilicheka. Nilicheka halafu nikakumbuka kwamba aliyeibiwa ni mimi.

"Mathe, usikasirike," Mourine akaniambia, amenishika mikono yote miwili. "Mimi nakupenda bure. Nimekutazama kwa simu mpaka bando ikaisha."

"Sijakasirika, mwanangu. Lakini hiyo ni sauti yangu."

"Ilikuwa," akasema Griffins.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mtu hawezi kupotea ndani ya mdomo wake mwenyewe, kwamba bado nipo, na kwamba yeyote anayenijua atanitambua. Griffins ni mtu wa kupenda mchezo. Akasimama akapiga makofi.

"Basi tujaribu. Wote wawili mwingie nyuma ya pazia. Kila mmoja aseme yake. Anayemjua Mama Pato achague."

Tukaingia. Na nani akatokea mlangoni wakati huohuo? Patrobas wangu, amebeba chakula cha mchana nilichokisahau nyumbani, matope mpaka magotini.

"Pwana asifiwe," akasalimia. "Nimeleta kitheri ya Mama Mulongo."

Watu wote wa kazi wakageuka kumtazama kama waliomwona malaika.

"Mzee," akauliza Griffins kwa sauti laini, "wewe unafanya kazi gani?"

"Kiwanda cha sapuni."

"Hujawahi kufikiria kuvaa kilemba?"

"Kilempa ya nini?"

"Wachana naye!" nikapiga kelele kutoka nyuma ya pazia. "Mume wangu havai kilemba!"

Wakamweka Patrobas kwenye kiti mbele ya pazia, ile githeri yangu ya mahindi na maharagwe mapajani. Akaambiwa asikilize wanawake wawili, aseme mke wake ni yupi. Akacheka. Akasema hiyo ni kazi rahisi, kwamba angenitambua hata nikikohoa.

Mimi nilitangulia. Nikaweka moyo wangu wote. "Pato?"

Mourine akafuata. "Pato?"

Patrobas hakungoja hata kidogo. "Huyo wa pili," akasema, "huyo ndiye pipi yangu. Huyo wa kwanza ni mtu wa retio."

Nilitoka nyuma ya pazia kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Watu walikuwa wamelala sakafuni. Patrobas aliponiona akasimama, na githeri yote ikamwagika kwenye zulia la mwenye nyumba.

"Mama Mulongo! Ni wewe ulikuwa wa kwanza?"

"Ni mimi."

"Sasa mpona umesema kama Mhindi?"

Nimeshindwa mambo mengi maishani. Nimeshindwa kuuza samaki, nimeshindwa kuuza mitumba, nimeshindwa kuimba kwaya. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeshindwa kuwa mimi, na kwamba mume wangu ndiye angekuwa jaji.

* * *

Griffins ndiye aliyetuokoa, au tulidhani hivyo.

"Uso ni wa Mum," akasema. "Hakuna mtu mwingine ana huo uso. Sauti ni ya Mourine. Basi Mourine alale nyuma ya sofa na maikrofoni. Mum afungue mdomo, Mourine aongee."

Tukajaribu. Mourine akalala chali nyuma ya sofa jekundu. Mimi nikakaa juu yake, yaani mbele yake. Nikafungua mdomo.

"Pato?" sauti yangu ikasema kutoka mahali fulani karibu na kiuno.

Ikakubali! Tukaendelea. Nilikuwa napiga midomo, Mourine anaongea, watu wanajiuma vidole wasiharibu kwa kicheko. Katikati nikasahau, nikanywa chai. Nikameza kikombe kizima huku sauti yangu inaendelea kumsema mkwe. Griffins hakukata. Kisha vumbi la sofa likanipanda puani nikapiga chafya. Mourine, kwa kutaka kunisaidia, akapiga ya pili, na chafya yake ilikuwa na lafudhi.

Hapo tulishindwa wote. Nilicheka mpaka kilemba kikaanguka. Nilimshika Mourine mkono nikamtoa nyuma ya sofa, amejaa vumbi, tukakumbatiana tukiruka kama wasichana. Nikasema ndani ya moyo wangu, asante Bwana, umenipa ulimi mpya na umeniachia kazi ya zamani.

Ndipo Griffins akaacha kucheka. Akatazama simu yake.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa nini?" nikauliza.

"Ijumaa tunafanya kipindi Kayole, Mum. Jukwaani, uwanjani, watu wote wakitazama, na kinaenda hewani hapo hapo. Nitamficha Mourine wapi?"

Patrobas, aliyekuwa anaokota maharagwe kwenye zulia, akasema labda chini ya kitenge changu. Tulipima. Mourine ni mrefu.

Griffins akanivuta kando karibu na dirisha. Hakuwa mkali. Nafikiri ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Mum, nisikie. Ukiacha hilo darasa leo, ukae na watu wa kwenu tu, uongee na mzee wako kutwa kucha, mpaka Ijumaa utakuwa umerudi. Ukiendelea kwenda kwa huyo mwalimu, Mourine atavaa kilemba. Sina njia nyingine. Watu wanakuja kumwona Mama Pato."

"Na darasa?"

"Darasa au kilemba. Chagua kimoja. Nataka jibu kabla hatujafunga vifaa."

* * *

Niliingia chooni, mahali pekee penye mlango, nikapiga magoti kando ya beseni.

"Bwana," nikasema, "nilikuomba uniponye ukaniponya, na sina kinyongo. Lakini naomba unirudishie ugonjwa kidogo. Siku za kazi tu. Jumapili uniponye tena."

Nikasikiliza. Bomba likatona.

"Au unirudishie P peke yake, Bwana. D ubaki nayo. Nisije nikakosea kwenye damu yako."

Nikaona aibu. Nikajiona kama mtu anayemwambia fundi apandishe dirisha, kisha alishushe, kisha alipandishe. Nikamwomba Mungu msamaha kwa kumsumbua. Nilipokuwa nasimama, mlango ukagongwa.

"Bi Beldina? Upo salama?"

Sauti hiyo naijua. Niliufungua mlango nikamkuta Mwalimu Idarusi, kofia yake ikiwa na matone ya manyunyu, na nyuma yake Patrobas akitazama viatu vyake.

"Nilimpikia simu tangu ile saa ya pazia," Patrobas akasema. "Nilimwampia, Mwalimu Itarusi, kuja utoe ile kitu uliweka."

Mwalimu alijipangusa uso kwa leso. "Nimefundisha maisha yangu yote," akasema, "sijapata kuombwa nifute nilichofundisha. Lakini nimeambiwa ni riziki yako. Kwa ajili ya riziki yako, nitajaribu. Shika koo."

Basi tukafanya darasa pale sebuleni, mbele ya watu wote wa kazi, darasa la kurudi nyuma.

"Sema B."

"B."

"Nyuki yupo. Sasa mfukuze. Sema pato."

"Bato."

"Mfukuze, Bi Beldina!"

"Hataki kutoka, Mwalimu! Ulimwingiza wewe!"

"Umekaza mno. Legeza. Fikiria jambo la nyumbani. Fikiria mama yako anakuita."

Nilimfikiria mama yangu. Nilimwona kabisa amesimama jikoni kwetu Chwele na mwiko. Nikafungua mdomo, na kutoka nyuma ya sofa, kabla sijasema chochote, Mourine akajibu kwa niaba ya ukoo wangu wote:

"Pato?"

Mwalimu Idarusi akacheka.

Hakutabasamu. Alicheka. Kicheko kilimtoka kama maji yaliyovunja bomba. Akashika kiti, kofia ikaanguka, Mourine akaiokota akamrudishia, yeye akaivaa kinyume na kuendelea kucheka. Sote tulimtazama. Alipoweza kupumua alinigeukia, macho yamejaa machozi.

"Nisamehe, Bi Beldina. Nisamehe sana."

"Mwalimu, mimi nilipolisema hilo neno siku ya kwanza, hukucheka."

"Wewe ulikuwa unajifunza," akasema. "Binti huyu anaigiza."

Alilisema hivyo tu, akaanza kutafuta miwani yake iliyodondoka. Lakini mimi nilibaki nimesimama. Niligeuka nikamtazama Griffins.

"Na ninyi," nikamwuliza, "mlikuwa mnacheka nini muda huo wote?"

"Si ni vile unasema, Mum."

"Ulimi wangu tu?"

Griffins akajikuna kichwa. Mpiga picha akajifanya anafuta lenzi. Mimi mwenyewe sikujua jibu. Kama ni ulimi tu, basi mimi sikuwahi kuwa mchekeshaji. Nilikuwa mtu mwenye kosa, na kosa limepona.

Aliyejibu ni Mourine.

"Mathe, neno lilinichukua jioni moja," akasema. "Jioni moja tu, nikalishika. Lakini ile kunyamaza yako kabla ya neno, ile unamtazama tumbo unangoja mpaka mtu anataka kulia, hiyo sijaishika mpaka leo. Nimejaribu kwa kioo. Nikinyamaza, watu wanafikiri nimesahau maneno."

"Usinipe moyo, mwanangu."

"Sikupi moyo. Ninataka hicho kilemba, Mathe, kwa kweli nakitaka. Nakuambia tu."

Nampenda msichana huyo. Hakuficha.

Griffins akapiga makofi. Vijana walikuwa wameanza kukunja nyaya. "Mum, jua linaenda. Watu wako hapa wote, mzee wako yuko, mwalimu yuko. Sema mbele yao kwamba umeacha darasa mpaka kipindi kiishe. Mwalimu atakuelewa."

"Nitamwelewa," akasema Mwalimu Idarusi, akitazama sakafu.

Patrobas akanikaribia. "Mama Mulongo," akaninong'oneza, "kupali tu. Mimi nitakuwa nakusomea. Sitasinzia tena."

Ilinigusa, maana alikuwa anasinzia alipokuwa anasema hivyo. Ametoka zamu ya usiku alfajiri, nikamtikisa kabla hajalala vizuri, amepanda na kushuka Buruburu kwa ajili ya githeri, na bado alikuwa tayari kunisomea.

Nikavuta pumzi.

"Sitaacha," nikasema.

"Basi Mourine, chukua kilemba," akasema Griffins.

"Pia siachi kilemba."

"Mum."

"Nipe Ijumaa. Nipande jukwaani na ulimi huu nilio nao. Nikiwachekesha, kazi ni yangu. Nisipowachekesha, nitajitoa mwenyewe."

"Utawachekesha watu wa Kayole na Kiswahili cha kitabu?"

"Mungu akipenda."

"Na asipopenda?"

"Utapata kilemba."

Griffins alinitazama, akamtazama Mourine, na nikaona wazo likimwingia usoni. Ninamjua akipata wazo. Masikio yake husogea.

"Sawa," akasema. "Lakini kwa mpango wangu. Mourine anatangulia. Anapanda akiwa Mama Pato, na kitenge, na Pato zake zote. Anawaua watu kwa kicheko. Akishuka, wewe unapanda. Nguo zilezile. Maneno yaleyale."

"Maneno yaleyale?"

"Neno kwa neno. Halafu tuone Kayole itamtaka nani."

Mpiga picha akasema "Uuui" kwa sauti ndogo. Mwalimu Idarusi akaketi. Mchekeshaji yeyote anajua kwamba mzaha ukishachekwa, anayeurudia nyuma yako anakuta watu wamekwisha kufunga midomo. Na huyo wa kunitangulia alikuwa mimi, mimi wa zamani.

"Mama Mulongo," akasema Patrobas, "hapana. Huyo msichana alinitanganya mimi, na mimi nimelala na wewe miaka yote."

"Ongea polepole, kuna mwalimu," nikamwambia.

"Unakubali ama hukubali?" akauliza Griffins. "Ukikubali, panda kwenye sofa useme wote wasikie, nisije nikaambiwa kesho ulikuwa unatania."

Nikavua viatu. Nikapanda kwenye sofa jekundu. Mwenye nyumba alikuwa ameingia kutazama zulia lake, na mama wa mandazi wa langoni alikuwa amemfuata, na vijana wa nyaya, na yule binti wa kutapika. Tumboni nilikuwa nasikia kicheko kinapanda, sijui kilitoka wapi, kama kile cha watoto kanisani wakati wa maombi. Nikainua mkono wa kulia.

"Mimi, Beldina Nanjala," nikasema kwa sauti, "naahidi mbele ya Mungu, mbele ya mume wangu, mbele ya mwalimu wangu, na mbele yenu nyote. Ijumaa nitapanda jukwaani Kayole baada ya Mourine. Nitasema maneno yaleyale, na kila B itakuwa B. Watu wasipocheka, nitakivua kilemba hiki palepale, nimfunge nacho Mourine kwa mikono yangu, na sitaonekana tena kwenye runinga ya mtu yeyote. Na leo jioni, mkinitafuta, nipo darasani."